Ufunguo Aliopewa Mtu wa Kampuni

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Mke wa mwanangu ameniwekea meza na kiti chenye mto, na kila akipita ananiuliza, "Baba, hicho kiti kimekukosea nini?" Hakijanikosea. Ni kwamba kuna mambo siwezi kuyasema nikiwa nimekaa, na hili mliloniuliza juzi ni mojawapo.

Mlikuja na madaftari yenu ya chuo cha famasia, mkanisalimia vizuri, mkanywa chai. Kisha mmoja wenu akauliza kama zamani zetu kulikuwa na mambo ya hataza za dawa, au haya ni mageni ya siku hizi. Nikacheka. Nikaona mnatazamana, mkidhani mzee hajui neno lenyewe. Vijana wangu, hataza naijua sana. Nimewahi hata kula kuku sahani moja na mtu aliyetumwa kuilinda, na nikajilamba vidole. Siku ile sikuwajibu kwa sababu jibu lake ni refu na ninyi mlikuwa na haraka ya gari.

Nilikuwa msambazaji wa duka la dawa la Bwana Karsan, hapa Kakamega mjini. Ni miaka ile ya kwanza ya uhuru, bendera bado inang'aa. Bwana Karsan alikuwa mfamasia, mtu mfupi mwenye subira fupi kumzidi. Asubuhi angenifokea kwa chupa iliyowekwa rafu isiyo yake, na kabla ya saa nne angenitumia sambusa ya moto kwa mkono wa mkewe, bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Kazi yangu ilikuwa kupokea masanduku ya dawa stesheni ya Butere, reli inapoishia, halafu kuyatawanya kwa kigari cha duka: Mumias, Navakholo, mpaka Lugari kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Kazi ya kutotulia, na mimi sikuzaliwa kutulia.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba dawa inaogopa Kakamega. Mnaijua mvua yetu, inavyoripoti kazini kila alasiri. Kapsuli zikipata ule unyevu hushikana mpaka unazibandua kwa kisu. Basi Bwana Karsan alikaanga mchele bila mafuta hadi ukauke kabisa, akaufunga kwenye vitambaa vidogo, na kila mkebe wa kapsuli ukapata kifurushi chake chini ili kinyonye maji. Siku moja mwenye duka fulani wa Butere akanifuata hadi garini kulalamika. "Jairo," akasema, "huu mwezi mchele mliniletea ni kidogo. Na mama watoto anasema ingine imeungua." Nilipomweleza, aliona haya wiki mbili, kisha akaniuliza kama mchele ule uliotoka kwenye dawa ungemdhuru mtu. Nikamwambia hapana, ila familia yake haitapata unyevu tena.

La pili: kabla hujampa mtu kapsuli, itikise karibu na sikio. Unga mkavu unasikika. Ukikaa kimya, rudisha dukani. Najua mna mashine. Tikiseni tu.

La tatu sikufundishwa na Bwana Karsan. Nilifundishwa na soko la Navakholo. Nilimkuta jamaa ametandika mkeka, anauza kapsuli za rangi mbili, nzuri kuliko zetu. Nikanunua moja nikaifungua pale pale. Unga wa muhogo. Nikamwambia, "Ndugu, huu ni muhogo." Akanitazama usoni bila kupepesa. "Na wewe umewahi kusikia nani ameuawanga na muhogo?" Mkumbukeni mtu huyo. Baadaye mtu wa kampuni alimtaja mkutanini kana kwamba ndiye ndugu yetu sote.

Sasa hataza. Bwana Karsan alinieleza akiwa anapima unga wa tumbo, bila kuinua macho. "Bhai," alivyozoea kuniita, yaani ndugu, "tuseme wewe umebuni mtego mpya wa fuko. Mzuri sana. Serikali inakwambia, eleza wazi unavyotengenezwa, usife na siri yako. Ukieleza, tunakupa miaka fulani, hakuna mwingine kutengeneza wala kuuza bila ruhusa yako. Miaka ikiisha, mtego ni wa kila mtu. Hiyo ndiyo hataza."

Nikamwambia hiyo ni haki kabisa.

"Haki," akasema. "Lakini fuko wameingia kijiji kizima, na wewe mwenye mtego unataka ng'ombe kwa kila mtego. Hapo je?"

Nikamuuliza hapo je. Akaweka mizani chini. "Hapo ndipo watu wazima wanapigana," akasema, na akanifokea nikapakie gari.

Dawa iliyotupiganisha iliitwa kloramfenikoli. Ninyi leo mnaiogopa kwa sababu inaweza kuharibu damu, na mna nyingine bora. Wakati ule, mtu akishikwa na homa ya matumbo hatukuwa na kitu kingine cha kumpa. Hataza yake ilikuwa imetolewa London, na hataza za huku zilikuwa zile zile za London zilizosajiliwa Nairobi. Uhuru ulizikuta ukaziacha zimekaa. Kutibu mtu mmoja kwa dawa ya kampuni yenye hataza kulitaka mkulima auze ng'ombe. Lakini Italia siku hizo hawakutoa hataza kwa dawa, wakitengeneza kloramfenikoli ile ile, na ya Italia ilimtaka mkulima auze jogoo. Bwana Karsan alipima, akatikisa, akanusa, akasema ni dawa safi. Akaagiza kwa tajiri mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiileta, nami nikaanza kuisambaza.

Wateja wetu wakubwa wa dawa hiyo walikuwa Lugari, na hapo ndipo mguu unapoanza kuniwasha, nisameheni, nazunguka meza kidogo.

Skimu moja kule walikaa watu waliotoka Maragoli, waliogawiwa mashamba baada ya mzungu kuondoka. Walikuta nyumba, mitaro ya maji na banda la kukamulia ng'ombe, lakini hawakukuta zahanati. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mjane, Mama Rasoa Kageha, mrefu, mkimya, mwenye mkono mgumu kama wa fundi. Yeye ndiye aliyewasimamisha watu wakaligeuza banda la maziwa kuwa zahanati, kwa harambee. Kila nyumba ilileta bati moja. Na kwa vile watu wa harambee huwa na wasiwasi wa kusahauliwa, kila bati kabla halijapigiliwa liliandikwa jina la nyumba yake kwa lami upande wa ndani, mvua isiweze kulifuta. Mgonjwa akilala chali alisoma majirani zake dari nzima. Bati la Mama Rasoa lilikuwa juu ya dirisha la kutolea dawa. Ndani alikuwepo dresa, Ezekieli, aliyewahi kufunga vidonda vya vibarua wa mzungu yule yule. Cheti hakuwa nacho, lakini mkono alikuwa nao, na watu walimlipa kwa mahindi.

Walikuwa wakinywa maji ya mtaro, na homa ya matumbo ikaingia kwenye nyumba zilizo chini ya mtaro kwanza, ikapanda. Niliwapelekea kloramfenikoli ya Italia, na Ezekieli akawapa kama Bwana Karsan alivyomwandikia. Wa kwanza walipona. Tulikuwa tunafurahi, nakiri, tulikuwa tunajiona mashujaa.

Kisha mawakili wa kampuni wakaandika barua. Acheni kuuza kapsuli za Italia mara moja, ama tukutane mahakamani. Bwana Karsan aliisoma amesimama, akaenda stoo, akaikusanya mikebe yote na kuifungia kwa kufuli. Siku nzima hakunifokea, na hilo likaniogopesha kuliko barua.

"Bhai," aliniambia jioni, "nikiuza wanachukua leseni yangu. Wakichukua leseni, Kakamega yote haina duka la dawa. Hata aspirini. Unataka hivyo?" Nikamwambia sitaki hivyo. "Basi nenda kawaambie Lugari."

Nani anataka kuwa yule wa kwenda kuwaambia? Nilienda. Mama Rasoa alinipokea mlangoni mwa zahanati. Siku hiyo binti yake, Mmbone, alikuwa amelala kwenye kitanda cha ukutani, midomo imekauka, macho yakitazama majina ya mabati bila kuyasoma. Alikuwa msichana wa shule, mtoto wake wa pekee.

"Dawa iko?" Mama Rasoa akaniuliza.

"Iko, Mama. Stoo, Kakamega."

"Imeoza?"

"Haijaoza."

"Sasa?"

"Ni sheria, Mama. Kuna watu wana haki nayo peke yao."

Akatazama nyuma kitandani. "Na hiyo sheria, yenyewe inashikwanga na homa?" Nikapakua aspirini na bandeji nilizoleta, nikazipanga vizuri kupita kiasi ili mikono ipate la kufanya.

Malalamiko yalifika mpaka Kakamega, na kwa kuwa homa ilikuwa inasambaa, daktari wa mkoa akaitisha mkutano katika ukumbi wa baraza. Nilimpeleka Bwana Karsan. Mama Rasoa alikuja na Ezekieli na wazee wa skimu. Kampuni ilimtuma mtu wake wa huku, Nashon Washika, kijana wa Butere niliyemjua tangu shule. Nguo za kaki zilizopigwa pasi, Landrova mpya, na ulimi wa kuuza maji kwa samaki. Nilitaka kumchukia. Lakini siku hiyo alisema maneno ambayo mpaka leo nayageuza.

"Wazazi wangu," alisema, "kuna watu walikaa miaka wakitafuta hii dawa, wakakosa, wakatafuta tena. Msipowaheshimu hao, ya kesho itatafutwa na nani? Na mkifungua mlango kwa kila kapsuli, mtajuaje ipi ni dawa na ipi ni muhogo? Jairo hapa ameiona Navakholo kwa macho yake." Watu wote wakanigeukia. Nikakubali kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli. Bwana Karsan akanikanyaga mguu.

Kisha yeye mwenyewe akasimama. "Ya Italia si muhogo. Ninyi pimeni. Mimi nimepima."

Mwanasheria wa serikali alikuwa ametoka Kisumu, mtu mpole mwenye miwani. Alieleza kwamba kwa sheria ilivyo, kampuni ina haki. Duka haliwezi kuuza ya Italia. Ila mwenye hataza hawezi kuizuia serikali yenyewe kuitumia dawa kwa huduma zake, mradi imlipe kitu cha haki baadaye. Stoo ya serikali tayari ilikuwa imepokea mikebe ya Italia kwa ajili ya hospitali zake. Daktari wa mkoa akatikisa kichwa kukubali.

Mama Rasoa akainuka. "Basi si mtuletee sisi hiyo ya serikali?"

"Mama, zahanati yenu si ya serikali."

"Serikali si sisi? Siku ya bendera mlituambia hapa hapa Kakamega, serikali sasa ni wananchi."

Mwanasheria akavua miwani, akaifuta. "Kwa maneno ya sheria, Mama, ile ni zahanati ya watu binafsi."

"Watu gani hao binafsi?"

"Ninyi."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Niliona wazee wa skimu wakitazama chini. Hawa walikuwa wamebeba mawe ya mtoni kichwani kuijenga upya nyumba ile, wakisema hakuna mtu tena atakayekuwa na ufunguo wa mlango wao. Sasa waliambiwa wazi: dawa itakuja wakitoa ufunguo. Na daktari, kwa heshima, akaongeza kwamba zahanati ikiwa ya serikali, dresa asiye na cheti hataweza kutoa dawa.

Walibishana pale pale, kwa Kimaragoli, sauti juu. Mzee mmoja alisema afadhali kuuza ng'ombe wote. Mwingine akamuuliza ng'ombe gani, wa nani, tuwauze tulime na nini. Mama Rasoa alikuwa katikati yao. Mkononi alikuwa ameshika ufunguo wenyewe, mkubwa wa chuma, ule wa banda la mzungu, na alikuwa akiuzungusha, akiuzungusha. Kila mtu ukumbini alijua binti yake amelala wapi.

Ezekieli ndiye aliyekata. "Mimi nilikuwa nafungia watu vidonda huko wakati ilikuwa bado inanuka maziwa," akasema. "Kabla ya hapo nilikamua ng'ombe ndani yake. Naweza kurudi kukamua. Toeni hiyo nyumba, Mama. Hii si ya kungoja." Mama Rasoa alimtazama, kisha akasema, "Tutatoa." Daktari akaahidi kutuma afisa Alhamisi kuupokea ufunguo, na mara tu ukipokelewa, dawa itapanda.

Sasa fuateni hapa.

Alhamisi nilikuwa napeleka Lugari dawa zetu za kawaida, kigari cha duka kikavunjika ekseli baada ya Malava. Nimesimama kando ya barabara nikikitukana, Landrova ikasimama. Nashon. Kampuni ilikuwa imemtuma kwenda kuangalia kama zahanati ile bado ina kapsuli za Italia. "Panda," akasema, "kabla hujapigana na chuma." Nikapanda na masanduku yangu. Tulibishana njia nzima. Nikamwambia wewe unalinda mtego na fuko wanakula watoto. Akaniambia wewe unalilia mtego usio wako. Hatukukubaliana hata juu ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe.

Tulipoingia skimu tulikuta watu wamejipanga pande zote mbili za njia, wanaimba. Nikajiuliza ni arusi ya nani. Landrova iliposimama wakapiga makofi. Hapo nikaelewa. Walikuwa wanamngoja mtu wa serikali. Mtu wa serikali huja na Landrova, huvaa kaki, hutoka Kakamega. Wengi hawakuwa mkutanini, na waliokuwepo walimwona Nashon kwa mbali tu, katikati ya kaki nyingine nyingi. Na pembeni yake nimekaa mimi Jairo, mtu wa dawa wanayemjua. Mimi ndiye niliyefanya uso wake uwe wa serikali.

Nashon alishuka. "Wazazi, mimi natoka..." Makofi. "Mimi nimetumwa na..." Wimbo ukapanda. Mzee mmoja akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwingiza ndani ya zahanati, akamkalisha. Obusuma, ugali wa wimbi, ikaletwa, na kuku mzima, ingokho ya kienyeji ambayo sijui ni nani aliyejinyima mpaka ikapatikana. Nami nikakalishwa kando yake. Nilimnong'oneza Ezekieli, "Huyu ni wa kampuni." Ezekieli akaacha kumimina maji ya kunawa. Alimtazama Nashon, akamtazama Mmbone ukutani, akaendelea kumimina. "Mwache ale," akasema polepole.

Mama Rasoa alitoa firigisi, imondo, akaiweka mbele ya Nashon kwa mkono wake mwenyewe. Yeye alikuwa mkutanini, alimjua fika. Uso wake haukuonyesha chochote. Kwetu anayepewa firigisi ndiye mkubwa wa nyumba hiyo siku hiyo. Huwezi kuitafuna kisha ukasema ulipotea njia. Nashon, kijana wa Butere, alilijua hilo kama mimi. Aliitazama. Nikamwona anainua macho kumkwepa yule mama, na macho yakakwama juu, kwenye mabati. Akawa anasoma. Jina, jina, jina. Kisha macho yakateremka mpaka kitandani, kwa Mmbone, ambaye siku hiyo alikuwa hamtambui mtu.

Akala firigisi. Aliitafuna muda mrefu sana.

Mama Rasoa akautoa ufunguo kwenye fundo la leso, akauweka mkononi mwake mbele ya watu wote. "Hii ni ya serikali," akasema. "Umeshika?"

"Nimeshika, Mama," akasema Nashon.

Afisa wa kweli hakuja siku hiyo. Baadaye tulisikia gari lao lilikosa mafuta, wakapanga wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata! Naandika neno hilo na kalamu inatoboa karatasi. Mmbone hakuwa na wiki. Lakini Nashon alisimama, akanawa, akasema, "Mama, na wewe Ezekieli, ingieni garini." Akaendesha mpaka Kakamega, tukiruka ruka nyuma kama viazi, akaingia ofisi ya daktari wa mkoa kabla haijafungwa, akauweka ufunguo mezani.

Daktari alimjua. Alimwona amekaa upande wa pili mkutanini. "Wewe umetumwa na nani?" akamuuliza.

"Wenye nyumba," akasema Nashon.

Daktari alimtazama Mama Rasoa, akamtazama Ezekieli, akachukua simu, akaiamuru stoo ipandishe dawa Lugari asubuhi. Msiniulize nilijisikiaje. Nilitoka nje nikaizunguka Landrova mara sijui ngapi.

Kampuni ilimwachisha Nashon kazi kabla mwezi haujaisha. Akafungua duka la baiskeli Mumias, akazeeka akijibu salaam aleikum za wateja wake, na kila nilipopita nilimtania kwamba anauza baiskeli zenye hataza ya mtu. Hakucheka sana. Aliniambia mara moja tu, "Jairo, yale niliyosema mkutanini bado nayaamini. Na firigisi ile bado iko hapa," akagusa koo. Ezekieli serikali ilimwajiri, ndiyo: kufagia. Alifagia miaka mingi chumba alichokuwa akifungia vidonda, na akina mama walimwonyesha watoto wao kwa siri kabla ya kwenda dirishani.

Miaka ya ukimwi mabishano haya yalirudi yote. Nilisimama mbele ya redio nikisikia hoja ya Nashon ikitolewa upya, na hoja ya Bwana Karsan ikitolewa upya, na wanasheria wapole wakieleza kile kifungu cha matumizi ya serikali. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinivuta shati nikae. Nilikuwa nikiingojea redio iseme lile swali la Mama Rasoa ukumbini, "Serikali si sisi?", na haikulisema. Ninyi mkisoma hataza mtasoma vifungu, na ni vizuri, visomeni. Lakini muulizane na lile. Mimi mpaka leo nataka mtu anieleze kwa nini yule mama ilibidi atoe nyumba ili binti apate kidonge. Aliyebuni dawa simlaumu. Nataka tu kuelezwa, na nikielezwa huenda nikakaa.

Nimalizie siku ya dawa. Kesho yake asubuhi gari la serikali lilipanda Lugari na mikebe, na mimi nikaomba nafasi nyuma. Kulikuwa na kijana mpya wa kutoa dawa, kanzu nyeupe, mnyoofu, hana makosa yoyote. Alifungua lile dirisha, akawaamuru watu wapange foleni, na watu wakapanga. Mama Rasoa alikuwa kwenye foleni kama wengine. Ufunguo ulikuwa kwenye mshipi wa yule kijana.

Alipofika dirishani, kijana akashika kalamu. "Unamchukulia nani dawa?"

"Mtoto wangu. Huyo wa ukutani."

"Na wewe ni nani hapa? Jina?"

Mama Rasoa aliinua mkono, ule mgumu, akaonyesha bati lililokuwa juu ya dirisha.

"Liko juu ya kichwa chako," akasema. "Soma."

Kijana akainua uso, akasoma, akaandika. Kisha akampa dawa, na Mama Rasoa akaipeleka kitandani, akamwinua Mmbone kichwa, akamnywesha.

Mmbone yuko hai. Ana wajukuu.